Likizo, Kalamu na Jukwaa: Je, Tuwapeleke Vijana Wetu Madarasa ya Kuandika, Kuzungumza na Kuigiza?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Kila inapokaribia likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, swali moja huturudia kutoka Unguja na Pemba. Maneno hutofautiana, makusudio ni yale yale. Mtoto ana miaka 14 au 16. Skuli imefungwa, au amemaliza mtihani wa Kidato cha Nne mwezi wa Novemba na sasa anangojea matokeo. Kuna walimu wamefungua darasa la wiki tatu au nne: wanafundisha kuandika, kuzungumza mbele ya watu, na mwisho wa darasa wanafunzi wanaonesha mchezo wa kuigiza. Mtoto anataka kwenda. Baba hana neno na kalamu, lakini habari ya mchezo wa kuigiza inamtia wasiwasi. Mama anasema bora huko kuliko kushinda na simu kitandani. Wanauliza: jambo hili linafaa kisheria?

Jibu letu kwa ufupi ni kuwa kuandika na kuzungumza vinafaa, bali ni katika mambo ambayo vijana wetu wanayahitaji sana. Kuigiza kuna khilafu baina ya wanavyuoni, na kauli tunayoiona kuwa na nguvu ni kuwa kunajuzu kwa masharti. Na masharti hayo ndiyo yanayotenganisha darasa la kupeleka mtoto na darasa la kumzuia, kwa hiyo tutayaeleza kwa urefu kidogo.

Kalamu

Hatuhitaji kurefusha katika fadhila za kuandika. Allah (Subhanahu wa Taala) ameapa kwa kalamu katika mwanzo wa Surat Al-Qalam, na katika aya za mwanzo kabisa kuteremka ametaja kuwa Yeye ndiye aliyefundisha kwa kalamu. Lakini wazazi wengi hatuzingatii umri wa wale waliofundishwa kuandika Madina. Katika mateka wa Badr walikuwemo wasiokuwa na mali ya kujikomboa, na Mtume (S.A.W.) akafanya fidia yao iwe ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Zayd bin Thabit (Radhiya Allahu anhu) alikuwa kijana wa miaka kama 11 Mtume alipohamia Madina. Ndiye huyo aliyeamrishwa kujifunza maandishi ya Mayahudi, akayamudu kwa muda mfupi sana, akawa mwandishi wa Wahyi, na baadaye akakabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'ani katika zama za Abu Bakr. Jukumu kubwa kama hilo lilianza na kijana mdogo aliyepewa kazi ya kuandika mapema.

Na wasichana hawakuachwa nje. Ash-Shifaa bint Abdillah (Radhiya Allahu anha) alimfundisha kuandika Mama wa Waumini Hafsa, na Mtume (S.A.W.) alilijua hilo na akalikubali. Hadithi hii ameipokea Abu Dawud. Tunaitaja kwa sababu bado yupo mzazi anayeona daftari la mtoto wa kiume ni elimu na daftari la binti yake ni mlango wa kuandikia barua wavulana.

Visiwa vyetu navyo si vigeni wa kalamu. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, aliandika vijitabu vingi kabla ya tafsiri yake kamili ya Qur'ani kutoka mwaka 1969, na Kiswahili chake kinasomeka mpaka leo bila ya mtu kukwama. Haji Gora Haji wa Tumbatu hakupitia skuli kubwa, na mashairi yake yanasomeshwa. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alipata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Hatusemi kila kilichoandikwa na watu wa hapa kinakubalika kwa mizani ya dini. Tunachosema ni kuwa uwezo huu umo katika watoto wetu, na ukiachwa bila ya kulelewa huishia katika kuandika maoni ya matusi kwenye mitandao.

Basi mwalimu mzuri wa kuandika hufanya nini? Humwambia mtoto aandike anachokijua. Safari ya boti kutoka Mkoani usiku bahari ikiwa chafu. Bibi anavyofunga mwani kwenye kamba Jambiani. Siku ya kuchuma karafuu, kamba ya mkarafuu na mtu aliyeanguka. Kisha humrudishia karatasi mara ya pili na ya tatu aitengeneze, kwa sababu kuandika hasa ni kuandika upya. Muulizeni mwalimu ni mara ngapi mtoto ataandika insha moja. Akijibu kuwa wataandika insha 20 kwa wiki tatu, hilo ni darasa la kujaza daftari. Na muulizeni kama wanaandika pale pale darasani kwa mkono. Siku hizi mtoto anaweza kuiambia programu ya simu imuandikie, akaleta karatasi safi isiyokuwa na hata sentensi yake. Kuwasilisha kazi hiyo kwa jina lako ni udanganyifu, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi.

Ulimi

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka wazazi walitafakari zaidi kuliko mengine yote.

Imepokewa na Al-Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) aliwauliza Swahaba zake juu ya mti usiopukutika majani, unaofanana na Muislamu. Watu wakataja miti ya majangwani. Abdullah bin Umar, kijana mdogo katika kikao kile, moyoni akajua kuwa ni mtende. Akawatazama Abu Bakr na Umar, akaona hawakusema, akaona haya, akanyamaza. Walipoondoka alimueleza baba yake. Umar hakumwambia "vyema, umewaheshimu wakubwa." Alimwambia kuwa lau angelisema, ingelikuwa inapendeza zaidi kwake kuliko kupata kadhaa na kadhaa.

Adabu aliyokuwa nayo Ibn Umar ndiyo tunayowafundisha watoto wetu, na ni adabu njema. Lakini baba yake alitaka adabu hiyo iambatane na kusema pale mtu anapokuwa na jibu. Kwetu visiwani mara nyingi tumeifundisha nusu ya kwanza tu. Mtoto anaambiwa nyamaza wakubwa wanazungumza, kisha akifika miaka 18 tunashangaa kwa nini hawezi kujibu swali katika usaili wa kazi, au kwa nini amehifadhi juzuu 20 na hawezi kusimama dakika tatu kueleza maana ya sura fupi.

Kuna kubwa kuliko usaili. Sote tunajua msiba wa udhalilishaji wa watoto ulivyotuingilia majumbani. Kesi za namna hii mara nyingi husimama juu ya maneno ya mtoto mwenyewe: nani, wapi, lini, alifanya nini, ulimwambia nani. Mtoto ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kueleza jambo kwa mpangilio mbele ya mtu mzima huinamisha kichwa. Na sisi wazee tunaongeza muhali wetu, kwa kuwa mtuhumiwa ni jamaa au jirani, basi jambo linamalizwa barazani na mtoto anabaki nalo moyoni. Darasa la kuzungumza halitibu muhali wa wazee. Lakini kijana aliyezoea kusimama, kutazama watu machoni na kusimulia tukio kuanzia mwanzo hadi mwisho ana silaha ambayo mwenziwe hana, hata kama silaha hiyo ni kumwambia mama yake jioni ile ile.

Mtume (S.A.W.) aliweka watu wa kusema. Ujumbe wa Banu Tamim ulipofika Madina mwaka wa 9 Hijria na khatibu wao na mshairi wao, alimuamrisha Thabit bin Qays amjibu khatibu, na Hassan bin Thabit amjibu mshairi. Hassan aliwekewa mimbari msikitini kwa ajili ya mashairi yake ya kumtetea Mtume, kama walivyopokea Abu Dawud na At-Tirmidhi. Na katika wanawake wa Kiansari, Asmaa bint Yazid alijulikana kwa lakabu ya khatibu wa wanawake.

Wapo wazazi wanaouliza kuhusu mtoto mwenye kigugumizi, kwamba si bora asamehewe? Nabii Musa (Alayhi salaam) aliomba kifundo cha ulimi wake kifunguliwe ili watu wafahamu kauli yake (Taha: 27-28), na akamtaja ndugu yake Harun kuwa ni fasaha kuliko yeye (Al-Qasas: 34). Akapewa Harun kuwa msaidizi, lakini hakusamehewa kwenda kwa Firauni. Mpelekeni, na mzungumze na mwalimu mapema ili asikatizwe maneno wala asichekwe.

Tahadhari moja katika mlango huu ni midahalo. Walimu hupenda kuwagawa watoto pande mbili, huyu anaunga mkono na yule anapinga, bila ya kujali mtoto anaamini nini. Katika mambo yenye nafasi ya rai, kama vile simu skulini au masomo ya ziada usiku, hakuna ubaya, na kuna faida ya kufahamu hoja ya mwenzio. Lakini asipangiwe mtoto wa Kiislamu kutetea kuwa swala si lazima au stara si faradhi ili tu apate alama. Na afundishwe kuwa Mtume (S.A.W.) amewakemea wenye kupayuka na kujikweza kwa maneno. Ufasaha tunaoutaka ni wa kufahamisha watu.

Khilafu kuhusu kuigiza

Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Wapo waliokataza moja kwa moja. Sheikh Bakr Abu Zayd ameandika kitabu kizima juu ya mas'ala haya na akaelekea kwenye uharamu. Hoja kubwa ya upande huu ni kuwa muigizaji anasema "mimi ni fulani" naye si fulani, na huo ni uongo. Na imepokewa na Abu Dawud na At-Tirmidhi onyo kali kwa mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Wapo waliojuzisha kwa masharti, miongoni mwao Sheikh Ibn Uthaymin.

Hoja za waliojuzisha ni nzito. Katika Surat Saad (aya 21 hadi 24) waliingia kwa Nabii Dawud wawili, wakasema ni mahasimu, wakatoa kesi ya kondoo. Na wafasiri wengi wamesema hao walikuwa Malaika, na kesi ile ilikuwa ni mfano wa kumzindua. Katika hadithi iliyopokewa na Al-Bukhari na Muslim ya watu watatu, mwenye ukoma, mwenye upara na kipofu, Malaika aliwarudia baada ya kuneemeka, kila mmoja kwa sura ile aliyokuwa nayo mwanzo, akajieleza kuwa ni masikini msafiri aliyekatikiwa na njia. Hakukusudia kudanganya, na mwisho wake haki ilidhihirika. Jibril naye alikuja kwa sura ya mtu akauliza maswali ambayo jibu lake analijua, ili Swahaba wajifunze.

Na kwa sisi tuliolelewa katika fiqhi ya Imam Shafi, Ibn Hajar Al-Haytami katika Tuhfat Al-Muhtaj ametaja kufaa kwa visa ambavyo inajulikana havikutokea, maadamu makusudio ni kupiga mifano, mawaidha na kufundisha mambo kama ushujaa, hata vikisimuliwa kwa ndimi za wanyama. Hiyo ndiyo hukumu ya hadithi za sungura na fisi tulizosimuliwa na bibi zetu. Mchezo wa kuigiza, watazamaji wakiwa wanajua kuwa ni mchezo, uko karibu na mlango huu kuliko mlango wa uongo.

Tuongeze pia kuwa vijana wetu wameshaingia katika tamthiliya zamani. Kwa miaka mingi vitabu vya Kiswahili vya sekondari vimekuwa ni pamoja na Ngoswe, Orodha na Kilio Chetu, na mtoto huulizwa juu yake katika mtihani. Anasoma maneno yaliyoandikwa ili yasemwe na watu waliosimama, naye amekaa anakariri dhamira na wahusika. Akisimamisha onesho moja tu kwa mwili na sauti yake, ataelewa kwa nini mwandishi alimtoa mtu huyu na kumuingiza yule.

Masharti yake

Mitume haiigizwi na yeyote, kwa sura wala kwa sauti. Hili hatulifungulii mlango. Swahaba wakubwa nao tunaona wasiigizwe. Kisa chao kisomwe na msimulizi. Walimu wengi wa madrasa wanafanya hivyo tayari siku za Maulidi na khitma: msimulizi anasoma pembeni, na wanaoonekana jukwaani ni watu wa kawaida wa mji.

Mvulana asivae nguo za kike wala msichana za kiume. Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaojifananisha hivyo, na hadithi iko katika Sahih Al-Bukhari. Tunajua kuwa kuna vichekesho vyetu vingi ambavyo nusu ya kicheko chake ni mwanamume aliyejifunga mtandio. Watu wanacheka kweli, lakini hukumu haibadiliki kwa kicheko. Hadithi ikihitaji mama, wasichana waicheze kwa hadhira ya wanawake, au mama awe nje ya jukwaa na tusikie tu habari zake.

Wavulana na wasichana wafanye mazoezi mbalimbali, wala mazoezi yasiwe ya usiku. Tukisema ukweli, madhara tunayoyasikia ni machache yanayotokea jukwaani. Mengi yanatoka katika mazoezi: kusubiriana, kusindikizana, na kundi la mtandaoni lisilokuwa na mtu mzima.

Maneno ya ukafiri anayoyasema muigizaji wa Firauni au Abu Jahl kwa kusimulia hayamtoi mtu katika Uislamu. Qur'ani yenyewe imesimulia kauli za Firauni. Lakini kusujudia sanamu, hata la boksi, asifanye. Kusimulia kauli ni kitu kimoja, na kitendo cha ibada ni kitu kingine.

Tumeulizwa pia kuhusu talaka jukwaani, na ni swali zuri, kwa sababu imepokewa kuwa ndoa, talaka na rejea, mzaha wake ni kweli. Vitabu vya Shafi vinataja kuwa mwalimu anayekariri tamko la talaka katika kufundisha, au mtu anayesimulia talaka ya mwengine, talaka haipiti. Muigizaji anafanana na hao. Pamoja na hivyo tunawashauri walimu waandike onesho hilo bila ya tamko lenyewe, khasa katika mchezo wa watu wazima waliooa. Na tamko kamili la ijabu na kabuli katika ndoa pia liachwe.

Jambo jengine ni kejeli. Kuiga lafudhi ya Kimakunduchi au ya Kipemba ili watu wavunjike mbavu, kuiga mwendo wa kiwete, kumuiga mzee fulani wa mtaa anayejulikana: hayo yote yanaingia katika makatazo ya Surat Al-Hujurat, aya ya 11. Tofautisheni na mtoto anayesema lahaja ya kwao kwa kuwa ndiyo lugha ya mtu anayemuigiza. Huyo hakejeli, na tunapenda tuwasikie zaidi.

Mwisho wa masharti ni picha. Onesho la wasichana mbele ya mama zao likirekodiwa na simu moja, kesho liko mitandaoni mbele ya dunia nzima, na ile stara iliyopangwa kwa wiki nne imekwenda. Mzazi aulize kabla ya kulipa ada: nani anarekodi, na video inakaa wapi? Katika onesho la wasichana simu zikusanywe mlangoni. Mwalimu akikataa hilo, mtoto asishiriki onesho, ingawa anaweza kuendelea na masomo ya kuandika na kuzungumza.

Mpango wa familia

Darasa lisigongane na chuo. Ikiwa mtoto anakwenda madrasa alasiri, darasa liwe asubuhi, na wakati wa swala usimamishe kazi zote. Huko Pemba msimu wa karafuu ukiangukia likizo, familia zinahitaji mikono, na hakuna dhambi kumwambia mtoto aende siku mbili kwa wiki badala ya tano. Anayelala baada ya alfajiri mpaka saa nne na kusema hana muda, huyo ni mas'ala mengine.

Msiogope kumuomba mwalimu andiko la mchezo mlisome. Mwalimu mwenye nia njema hufurahi mzazi akisoma. Na siku ya onesho nendeni, baba kwa watoto wa kiume na mama kwa mabinti. Mtoto aliyejikusanya wiki nne kusema maneno yake, kisha akatazama safu ya mbele asione mtu wake, hujifunza kuwa maneno yake hayana thamani nyumbani.

Na pale ambapo hakuna darasa, kama ilivyo katika shehia nyingi za mashamba, ustadhi anaweza kutenga saa moja baada ya swala ya Ijumaa kwa vijana wa madrasa. Kila mmoja asome ukurasa alioandika wiki ile, kisha asimame dakika tatu azungumze bila ya karatasi, na wenziwe wamuulize maswali mawili. Haihitaji ukumbi wala ada. Wasichana wawe na saa yao na mwalimu wao wa kike. Anayetaka kuanza atuandikie, nasi tutamtumia orodha ya mada 30 za kuandikia na kuzungumzia, inshaAllah.

Wallahu aalam.